Bi Intisar, Sauti ya Kando ya Kizimba

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Intisar Abdulhadi anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya ukarani na ukalimani katika mahakama yetu ya kesi za barabarani. Alianza mwaka 1992 akipanga mafaili masjala. Miaka mitano baadaye alisimama kando ya kizimba, na hapo ndipo madereva wa Mombasa walipomjua.

Kazi yake ilikuwa kumsomea mshtakiwa shtaka kwa lugha anayoielewa. Wengi wetu tungesoma tukapita. Yeye, kwa idhini ya hakimu, alihakikisha kila dereva ameelewa kwamba kuendesha bila kuangalia ni kosa moja na kuendesha bila kujali maisha ya watu ni jingine, zito zaidi, linaloweza kumpeleka mtu gerezani. Koplo Arnold, mwendesha mashtaka wetu wa zamani, aliwahi kurudishiwa hati tatu asubuhi moja kwa kuyachanganya maneno hayo mawili. Alitoka zake hadi Makadara kula mahamri apoe. Siku hizi anasimulia mwenyewe huku akicheka.

Mwaka 2014 mambo hayo yalimfika nyumbani. Ziad, mtoto wa kaka yake, alilipita gari jingine kwa kasi penye watu, akamgonga Karisa, msukuma mkokoteni, akamvunja mguu mahali pawili. Jamaa walijaa sebuleni kwa Bi Intisar wakimsihi afanye faili lichelewe. Asubuhi yake alimwandikia hakimu kueleza undugu wao, akaomba asiiguse kesi hiyo. Nikapewa mimi.

Siku ya kujibu shtaka, Ziad alimkuta ukumbini.

"Shangazi, niseme nini?"

"Sema ulilolitenda."

Nilikuwa pembeni yao. Ziad alipoingia ndani, nilimwona Bi Intisar akishika ukuta.

Ziad alikiri. Alifungwa miezi minane na kunyang'anywa leseni. Kaka yake Bi Intisar hakumsemesha kwa miaka miwili. Hata siku ya Idi aliupita mlango wake. Bi Intisar hakulalamika. Kesi ilipokwisha alikuwa akienda kumjulia hali Karisa, ambaye mpaka leo anachechemea na anauza viazi karai ufukweni Mama Ngina.

Ziad alipotoka alikwenda mwenyewe kumwomba Karisa radhi, wakala pamoja. Hapo ndipo baba yake alipoanza kulainika taratibu. Mchana mmoja alifika masjala na bakuli la halua, akasimama mbele ya watu wote, akasema, "Dada yangu, ulimtendea haki mwanangu." Bi Intisar alilia mbele yetu kwa mara ya kwanza, kisha akatuagiza sote turudi kazini.

Ahsante, Bi Intisar, kwa ukali wako na kwa moyo wako. Mungu akupe afya na wajukuu watiifu. Nenda salama, uishi kwa raha. Kiti chako tutakikalia kwa adabu.

Mwende, masjala