Viatu vya Rafu ya Juu

Sogeeni wanangu, na wewe askari wangu vua hiyo kofia, humu ndani hakuna anayeandamana. Pumzi yangu ni ya kuazima, basi asinikatize mtu.

Kibanda cha kushonea viatu ni cha mdogo wako huyu, maana binti ndiye aliyekubali kushika sindano. Nyumba ni yenu wote wawili, na mkiigombania nitarudi kuwatoa nje. Lakini vile viatu vya rafu ya juu havirithiwi. Ni vya wale waliokwenda na mama yenu kudai wodi ya wazazi ifunguliwe, wakiimba tu, mikono mitupu, wakamiminiwa moshi na risasi kwa kuwa sheria mpya ilisema kutembea pamoja bila kibali ni jinai. Niliviokota barabarani, nikavishona, nikavipaka rangi, nikangoja wenyewe. Nani angekuja? Kusema "hiki changu" ni kukiri kwamba ulikuwepo. Hupita wakanisalimu, macho yakipanda rafuni, kisha huenda zao. Wengine hawatapita tena. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanangu. Nikifunga mlango jioni navisikia vikitembea, na naogopa, naogopa sana, kwa sababu ndala ya mama yenu ndiyo inayotangulia.

Hata kumsindikiza mama yenu makaburini walitunyima kibali, tukamzika watu wachache kama wezi. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Nami nilipisha, nikapisha, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Siku yangu msiombe kibali. Binti yangu, vipange viatu vyote barazani, kila mtu achukue chake anizike amekivaa. Watakuja, mtu hasahau kiatu chake. Na usihutubie, mdomo wako naujua, kutembea kunatosha.

Na wewe, kifunguamimba wangu. Najua ndiwe watakayekutuma kufunga njia. Usiniambie amri ni amri. Sikuzaa amri, nilizaa mtu. Njoo na hayo magwanda yako, ushike jeneza mbele. Wakikuuliza kibali kiko wapi, waambie... nipeni maji... waambie huyu ni baba.

Radhi zangu mnazo, nyote wawili. Mungu awafunike. Mkono wako uko wapi, askari wangu? Nijibu, mwanangu... ningali nasikia.