Tabitha Waithera Kabiru, Aliyepanda Waya Ndabibi
1955 – 2025

Ndugu, majirani na marafiki, walio nyuma wasogee karibu, maana maisha ya mama huyu hayafai kusomwa kwa kunong'ona.

Tabitha Waithera alizaliwa tarehe 17 Agosti 1955 katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mzungu, magharibi mwa Ziwa Naivasha. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Njuguna, mkamuaji wa ng'ombe, na marehemu Wangeci. Waliokua naye wanasema alikuwa mtoto wa kutega sikio. Shamba lile lilizungushiwa seng'enge, na Waithera alikuwa akibana sikio kwenye nguzo, kisha anamwambia baba yake, "Kuna ng'ombe anajikuna kule chini karibu na bwawa." Siku ya kwanza Njuguna alicheka. Alipotembea robo saa akamkuta ng'ombe pale bwawani, hakucheka tena. Tangu hapo mnyama akipotea, aliyeamshwa kwanza alikuwa Waithera.

Alianza shule ya msingi ya shambani mwaka 1964, akamaliza darasa la saba mwaka 1970, halafu akasoma sekondari mjini Nakuru hadi kidato cha nne, mwaka 1974. Hesabu alizipenda sana. Kushona hakukupenda hata kidogo, na mwalimu wa ushonaji aliandika kwenye ripoti yake kwamba Waithera "hupoteza uzi mwingi."

Mwaka 1975 aliajiriwa Posta, Nakuru, akafundishwa kutuma na kupokea simu za maandishi kwa Morse, ile lugha ya nukta na mistari. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anaandika kile anachosikia bila kalamu kusita. Alisema kila mtumaji ana mkono wake: wa Eldoret alikuwa na haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni, na wa Kericho alikuwa anapumua katikati ya neno. Simu za maandishi zilipopungua alihamishiwa kwenye mitambo ya simu, akafanya huko hadi alipostaafu mwaka 1999.

Ni hapo Posta alipokutana na Kabiru wa Ngigi, fundi wa breki za malori kule Salgaa. Kabiru alikuja kumtumia mama yake habari, akajaza karatasi mbele na nyuma. Waithera aliisoma yote, akamrudishia. "Boss, hii ni barua. Hapa tunatuma simu." Kabiru akaondoka na aibu yake. Wiki iliyofuata simu ya maandishi iliingia kutoka Molo, na Waithera ndiye aliyeipokea, herufi kwa herufi: KARANI DIRISHA LA PILI. NAKUJA JUMAMOSI. KABIRU. Walifunga ndoa kanisani Naivasha tarehe 9 Desemba 1978, na Mungu akawajalia watoto watatu: Ngigi, Shiko na Wangeci.

Mwaka 2000 walihamia shamba lao la ekari mbili hapa Ndabibi. Watu walidhani mama amekuja kupumzika. Mwaka 2004 alifanya mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wanaotafutana hewani kwa kupenda tu, bila biashara wala matangazo, akapita. Wengi wenye leseni hiyo hutumia mawimbi mafupi, maana antena yake ni ndogo na haisumbui. Waithera alitamani mawimbi marefu, na mwaka 2014 akapata kibali. Wimbi moja la aina hiyo lina urefu wa mita mia sita na thelathini. Ukilianika kama kamba ya nguo, linaanzia mlangoni kwake, linavuka shamba, linavuka barabara, linakwenda kuishia kwa josho la ng'ombe. Antena ya kulitosha, hata kwa robo yake tu, ingehitaji mlingoti wa zaidi ya mita mia moja na hamsini. Yeye alikuwa na mita tisa za bomba la maji.

Kabiru aliamini dawa ni kwenda juu. Akaufikisha mlingoti mita kumi na mbili, halafu kumi na nane. Upepo wa hapa mnaujua: uliuangusha mara mbili, na mara ya pili ukalalia banda la kuku. Kabiru akausimamisha tena, akauvika kofia ya waya nne zilizotandazwa kileleni ili ujidai mrefu kuliko ulivyo. Waithera naye akazungusha koili ya waya kwenye pipa la plastiki la maji, kwa kuwa antena fupi bila koili ni kama mtoto aliyepewa baiskeli ya mtu mzima, miguu haifiki. Kazi zote mbili zilikuwa nzuri. Hata hivyo, kwa miaka kumi aliita, na waliomjibu walikuwa wa hapahapa Kenya. Nje ya mpaka hakuna aliyewahi kumsikia.

Siku moja Waithera alipima, akakokotoa, akamwita mumewe.

"Baba Ngigi, tunaingiza watti mia moja. Inayoruka hewani ni moja. Hizo tisini na tisa tunawapashia joto fuko huko udongoni."

"Basi niongeze mlingoti."

"Ndoo yako ikitoboka, unainua juu zaidi?"

Waithera akamweleza kwamba umeme unaopanda kwenye antena lazima urudi chini kukamilisha safari yake, na udongo wa hapa ni majivu ya volkano, mkavu kama unga, unaumeza wote njiani. Alitaka waya sitini zifukiwe kuanzia chini ya mlingoti, zielekee kila upande kama spoku za baiskeli, umeme upate barabara ya kurudia.

"Wapi kwa shamba?" Kabiru akauliza.

"Pale pa viazi."

Waya aliupata kwa mikono yake. Maji ya ziwa yalipofurika mtaa wa Kihoto mwaka 2024, pampu nyingi ziliungua na watu wakazitupa nje. Waithera aliziomba, akafungua mota moja baada ya nyingine, akanyoosha waya wa shaba uliokuwa ndani, akaulehemu kiungo kwa kiungo hadi ukafika kilomita moja na nusu.

Kazi hiyo ilikuwa haijaisha alipoanza kusikia chakula kikikwama kooni. Mwezi Januari 2025 hospitali mjini Nakuru ilithibitisha kwamba ni saratani ya umio. Alianza matibabu ya mionzi, na madaktari wakamwambia wazi ahesabu miezi, asihesabu miaka. Alirudi nyumbani, akanywa uji wake polepole, akasema jambo moja tu: hataki kuondoka kabla hajasikika ng'ambo ya mpaka.

Tarehe 22 Machi ilikuwa zamu yake ya ngwatio, ule utaratibu wetu wa kina mama kulimiana shamba kwa shamba. Walifika wanane na majembe, wakiongozwa na Jepkemei, jirani yake wa ua mmoja, wakijua wamekuja kupanda viazi.

"Mama Ngigi, mbegu ziko wapi?" Jepkemei akauliza.

Waithera akanyanyua roli ya waya. "Hizi hapa."

"Haki ya nani! Na zinamea baada ya siku ngapi?"

"Uliza Baba Ngigi, yeye ndiye bwana shamba."

Kabiru alikuwa amesimama kando ya ua, mikono kifuani. "Msimu mzima wa viazi," akasema, "mtu anazika vyuma."

"Shaba," Waithera akamsahihisha.

Cheptanui, mmoja wa wale wanane, akadakia, "Tuweke na mbolea, ama zinamea hivyo hivyo?" Kina mama wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Lakini walichimba. Mitaro sitini, kina cha kiganja, na kufika saa ya githeri ya mchana shamba lilikuwa limefukiwa laini kama halijaguswa.

Mbele ya wote hao, Kabiru alitoa masharti. "Ni mvua hii moja tu. Viazi vya Jepkemei vya ng'ambo ya ua vikivunwa kabla mtu wa nje hajakujibu, waya zinatoka, mlingoti unashuka, tunapanda viazi kama binadamu wengine." Waithera akampa mkono. Wakashikana mbele ya mashahidi.

Jioni hiyo alipowasha, mshale wa mita uliokuwa ukisimama kwenye ampea moja ulivuka mbili. Kabiru alikagua nyaya za mita mara tatu, akidhani imeharibika. Baadaye akasema, "Mshale umeinuka, sawa. Lakini mshale si mtu."

Hapo alikuwa na haki. Aprili ikapita kimya. Mei pia. Radi za mvua zilijaa masikioni mwake, na yeye alizidi kukonda. Kila siku jua likishazama, wakati mawimbi marefu yanaanza kusafiri vizuri, alikaa mezani na shali yake, akaita, akasikiliza, akaita tena. Juni ilipoisha, majani ya viazi vya Jepkemei yalikuwa yamekauka.

Kabiru alimfuata kwenye ua. "Jepkemei, unangoja nini?"

"Ngozi bado haijakomaa, mzee."

Wiki ikapita. "Jepkemei, viazi hivyo vinazeeka."

"Mzee, mimi nalima viazi tangu nikiwa msichana. Ngozi bado."

Kila mtu alijua ngozi ilikuwa imekomaa zamani. Fuko walikuwa wameshaanza kula, na Jepkemei aliwaona, akanyamaza. Hatimaye hata yeye alishindwa kuendelea kudanganya, akatangaza kwamba atavuna Alhamisi, tarehe 10 Julai.

Jumatano jioni, tarehe 9, saa moja na dakika arobaini, Jepkemei alikuwa amekaa sebuleni kwa Waithera, kikombe cha chai kimepoa mkononi. Kabiru alikuwa akitengeneza tochi. Waithera akaita mara ya tatu, akaweka kalamu kwenye kadi yake ya hospitali. Kalamu ikaanza kutembea. Kwanza herufi za leseni yake mwenyewe, ambazo kwa miaka kumi hakuwahi kuzisikia kutoka mbali. Halafu herufi za mtu mwingine. Halafu jina la mji. Akajibu taratibu, akasubiri hadi yule mtu akathibitisha kwamba amepata kila kitu. Ndipo akavua visikizio.

"Ni nani?" Kabiru akauliza.

"Bulawayo."

"Bulawayo ya wapi?"

"Zimbabwe, Baba Ngigi. Iko moja."

Jepkemei alipiga vigelegele hadi mbwa wa majirani wakaitikia. Kabiru akaweka tochi chini. Akasema, "Nilisema ni juu. Kumbe ni chini."

"Rudia," Waithera akasema. "Jepkemei hakusikia vizuri."

"Ni chini!" Kabiru akapaza sauti, akicheka na kulia pamoja.

Kesho yake Kabiru alikuwa wa kwanza kufika kuvuna viazi vya Jepkemei, akabeba magunia mgongoni bila kuombwa. Kuanzia jioni ile ya Bulawayo hadi mwisho wa Agosti Waithera alijibiwa na watu kumi na mmoja, wakiwemo wa Zambia, Namibia na kisiwa cha Reunion. Alipokosa nguvu za kukaa, Kabiru alisogeza meza hadi kitandani. Alilala usingizi wa mwisho nyumbani kwake, alfajiri ya Jumanne tarehe 23 Septemba 2025, mumewe na mabinti zake wakiwa karibu. Alikuwa na miaka sabini na mwezi mmoja.

Familia ilipochagua mahali pa kumlaza, palikuwa ni pale pa viazi, na wengine wakashauri waya zing'olewe kwanza. Kabiru alikataa. Jumatatu wiki hii alichimba peke yake kwa mkono, akazipata waya nne zinazopita hapo, akazizungusha nje ya kaburi na kuzilehemu upya. Kisha akawasha mtambo akapima. Mshale ulivuka mbili. Ameuliza mahali pa kujiandikisha kujifunza Morse, na shamba hilo, amesema, halitaguswa na trekta akiwa hai.

Marehemu ameacha mume wake Kabiru wa Ngigi, watoto wake Ngigi, Shiko na Wangeci, wakwe wawili, wajukuu saba, ndugu zake wawili walio hai, jirani na dada yake wa hiari Jepkemei pamoja na kina mama wote wa ngwatio, na marafiki kumi na mmoja wa hewani, ambao habari zake zimewafikia.

Tabitha Waithera aliita, na akasikika. Sasa apumzike kwa amani.