Pombe ya Bibi Kristiana Haingoji Makao Makuu

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, nawe Ndugu Ndalahwa, Mkurugenzi uliyetoka makao makuu Dar es Salaam kuja kuniaga, Baba Paroko, wateja wetu, mliokuwa mkinikwepa kila msimu wa ukaguzi na leo mmekaa mbele kabisa kwa sababu kuna pilau, wafanyakazi wenzangu, wazee wangu wa Katandala, shikamooni, na ninyi vijana mlioegemea mlango, mambo?

Mimi Kornel nimeombwa niseme mawili matatu kuhusu kazi katika kampuni kubwa ya uhasibu, kisha nikabidhiwe saa ya ukutani nikapumzike. Mshereheshaji ameninong'oneza nisiwe mrefu. Nimemsikia. Lakini ofisi hii ya Sumbawanga nimeisimamia tangu ikiwa chumba kimoja juu ya duka la mbolea, na leo nastaafu, kwa hiyo hakuna tena wa kuniandikia barua ya onyo. Nivumilieni.

Ndugu wageni waalikwa, kampuni hii ni kubwa kweli. Ina ofisi katika nchi ambazo mimi nazisikia kwenye mpira tu. Imenilisha, imenisomeshea watoto, na sitaitukana. Ila jamani, inachosha! Kila Juni, baridi ya huku ikimng'ata mtu mpaka masikio, wanatuandikia kutoka Dar kwamba sweta si vazi rasmi. Ndugu Mkurugenzi, nakuona umevaa sweta ndani ya koti. Karibu Sumbawanga.

Halafu kuna fomu ya muda. Kwa msioijua, mfanyakazi wetu lazima aeleze kila robo saa ya siku yake ameifanyia kazi ya mteja gani, ili mteja huyo atozwe. Sasa mama yangu mzazi alipofariki nilikwenda kuzika, kama ambavyo yeyote kati yenu angefanya. Niliporudi nikakuta ujumbe: "Saa hizi za msiba atozwe mteja gani?" Loo! Atozwe nani? Marehemu?

Hayo nimeyameza. Lipo moja halimezeki, na ndilo lililonisimamisha hapa.

Fransiska, mwanangu, simama wakuone. Usiinamishe kichwa. Huyu ni mkaguzi wetu, hodari, mteja akimwona anatoa stakabadhi kabla hajaombwa. Amelelewa na bibi yake, Bibi Kristiana, yule pale mwenye kitenge cha njano. Mwaka juzi alichumbiwa na Wilibrodi, mwalimu wa Wampembe kule ziwani, akaomba likizo ya kuolewa. Makao makuu wakamjibu kwa upole kabisa kwamba likizo ameipata, inaanza Jumatano ya Majivu.

Baba Paroko, naona umeshika kichwa. Harusi Kwaresima! Nikapiga simu kueleza. Kijana wa huko akaniuliza, kwani si wafunge tu ndoa ya bomani? Nikamwambia, mwanangu, hilo njoo umwambie bibi yake mwenyewe, mimi simo. Nikaeleza upya kwamba kwetu harusi ni baada ya mavuno, Kwaresima imepita, ulezi umeingia ndani, barabara ya Wampembe imekauka. Wakaelewa, au walisema wameelewa. Wakatoa Agosti.

Agosti ya mwaka jana ikafika. Ndoa ilikwishatangazwa kanisani. Bibi Kristiana akalowesha ulezi, akaotesha kimea, akasaga, akapika pombe. Ndugu zake Wilibrodi wakapanda lori kutoka ziwani na samaki wao wa migebuka. Alhamisi simu ikalia: likizo imesitishwa, kuna mteja Mpanda hesabu zake hazijafungwa, nenda. Binti akaenda huku analia. Angefanyaje, naye ndiye anayemtunza bibi yake kwa kazi hii hii?

Na pombe je? Pombe ya ulezi, ndugu zangu, haiahirishwi. Ikiiva imeiva, na ukiiambia isubiri inachacha. Kwa hiyo sherehe ilifanyika bila bibi harusi. Nilikuwapo! Watu walikunywa, wakaimba nyimbo zote za kumsifu bibi harusi, na Wilibrodi kakaa mbele na suti yake mpya, pembeni yake kiti kitupu kimefungwa maua. Mpaka leo Wampembe wanamtania kwamba ameoa kiti. Mama yake hatanii. Amesema waziwazi kwamba safari hii binti asipotokea kanisani, mwanawe atatafutiwa mke kwingine.

Na safari hii ni lini? Ni Jumamosi hii. Pombe iko kwa Bibi Kristiana sasa hivi tunavyozungumza, imeanza kutoa povu. Na jana mchana Fransiska alipokea ujumbe. Mteja yuleyule, Mpanda ileile, likizo imesitishwa. Nilipousoma nilitamani kuitupa ile simu kwenye mtaro.

Ndugu Mkurugenzi, nakuuliza mbele ya kadamnasi hii: hesabu za Mpanda nazo zinachacha? Zikikaa mpaka wiki ijayo zitanuka? Umesema katika hotuba yako, nzuri sana, kwamba sisi ni familia moja. Haya. Familia gani inamzuia binti yake kwenda kwenye harusi yake mwenyewe? Kama ni lazima mtu aende, nitakwenda mimi, mstaafu, na sweta langu.

Naona unaitikia kwa kichwa. Lakini mimi ni mkaguzi, baba, kichwa hakiniridhishi. Mpeni kipaza sauti.

Umesema "tutaliangalia"? Hapana. Hiyo "tutaliangalia" ndiyo iliyomwozesha Wilibrodi kiti. Bibi Kristiana, usijisumbue mama, kaa na magoti yako. Haya, inuka basi, mfuate hapohapo alipo. Mpisheni bibi apite.

Sema tena, Ndugu Mkurugenzi? Aende? Mmesikia wote? Amesema aende! Mheshimiwa Diwani shahidi, Baba Paroko shahidi. Akina mama, vigelegele viko wapi?

Basi, yamekwisha. Mheshimiwa Diwani, nakushukuru kwa kuacha kazi zako. Ndugu Mkurugenzi, saa nimeipokea, nitaitundika, na hasira zangu nimezimaliza hapahapa. Wenzangu, tumechoka pamoja kwa miaka mingi na nitawakumbuka. Fransiska, ukirudi kazini, fomu ya muda ikikuuliza Jumamosi ulikuwa unamfanyia kazi nani, usihangaike kutafuta mteja. Andika: nilikuwa naolewa. Nani atozwe, watajua wenyewe.

Asanteni kwa kunisikiliza mpaka pilau imepoa. Jumamosi tukutane kanisani.