Bi Chapa na Ubao wa Nyuzi Kumi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mtunza stoo yetu ya ala za muziki, ambaye chuo kizima kinamwita Bi Chapa, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ndiye mwalimu niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Wakuu hawakujua kwamba ndimi pia niliyemkosea zaidi. Wangejua, wangemtafuta mwingine.

Aliingia hapa akiwa mpiga chapa wa ofisi ya mkuu. Wakongwe wanasema alikuwa akipiga barua huku akimkaripia mhudumu na kumwelekeza mgeni njia ya chooni, na barua isiwe na kosa hata moja. Kompyuta zilipokuja, mashine yake ya chapa ikafunikwa, naye akahamishiwa stoo, mlango wa mwisho wa korido. Hakununa. Ndani ya mwezi mmoja kila zumari lilikuwa na kibandiko chake, na sisi walimu tuliozoea kujichotea tukaanza kubisha hodi.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa lililetwa sanduku kutoka kwa bendi moja iliyovunjika. Ndani mlikuwa na ubao mrefu mwembamba, hauna tumbo wala tundu, una nyuzi kumi na mahali pa kuchomekea waya wa spika. Niliitwa kama mtaalamu, maana nilikuwa mkuu wa idara ya nyuzi, na kidevu changu kilikuwa juu kuliko cheo chenyewe. Nikaudonoa. Ukatoa pu, pu, kama mtu anayepiga mto. Nikaona kitambaa kimepitishwa chini ya nyuzi, karibu na zinapokazwa. Nikasema ndicho kinachoziba sauti, nikakichomoa. Nyuzi zote zikalia kwa mpigo kama darasa la kwanza mwalimu akitoka. Sandukuni mlikuwa pia na karatasi ya maelezo, kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, yenye mchoro wa mikono miwili, yote ikiwa juu ya shingo ya chombo. Nikatamka kwa uhakika kwamba mchoraji hajawahi kuona gitaa, nikaenda zangu kunywa chai.

Bi Chapa alimwamini mchoraji. Alirudisha kitambaa mahali pake, akauchomeka ubao kwenye spika, akafuata mchoro. Hakudonoa. Aligonga uzi kwa ncha ya kidole, taratibu, na kila alipogonga ikatoka sauti safi. Mkono mmoja ulichukua nyuzi nene, mwingine nyembamba, kila mmoja na wimbo wake. Kile kitambaa kazi yake ilikuwa kunyamazisha nyuzi zisizoguswa. Na mguso uliotakiwa ulikuwa uleule wa mashine ya chapa: vidole vyote, vyepesi, bila kutazama. Sisi wenye vyeti tulikuwa na mazoea ambayo ingetubidi tuyaache kwanza. Yeye hakuwa na cha kuacha.

Baada ya miezi kadhaa, ukipita koridoni saa ya chakula cha mchana, ungeapa stoo ina wapigaji wawili. Mwalimu wa piano aliingia siku moja kumtafuta wa pili, akachungulia hadi nyuma ya makabati.

Aliniomba mara tatu tuanzishe darasa. Mara ya kwanza nilimwambia, dada yangu, hiki hakimo kwenye mtaala. Mara ya pili nikasema yeye si mwalimu. Mara ya tatu nikasema kesho, na kesho hiyo ikachukua miaka tisa. Ukweli ni kwamba niliona haya wanafunzi wajue nilivyoupima ubao ule. Niliwahi kumweleza mke wangu tu, naye akaniuliza mwalimu mzima nimeshindwaje na kitambaa.

Nawafikiria vijana waliokuwa wakisimama nje ya mlango wa stoo wakisikiliza, kisha wakaja darasani kwangu kwa sababu ndilo lililokuwapo. Tulikuwa na mwalimu, tukampa funguo za kabati.

Mwezi uliopita, tangazo la kustaafu kwake lilipobandikwa, nilikwenda stoo nimebeba kiti changu mwenyewe. Nilimwomba abaki muhula mmoja afundishe. Mkuu alikuwa tayari kutia saini. Alicheka, wala si kwa ubaya. Alisema wajukuu wake mapacha wanamngoja kwa binti yake, tiketi ameshakata, na kwamba ningelimwomba kipindi kile alipokuwa akiniomba yeye. Nikakiweka kiti chini, nikaketi, nikamwomba basi anifundishe mimi. Tukatumia wiki zilizobaki. Anasema mkono wangu wa kushoto umeanza kuelewa, wa kulia bado una kiburi.

Ubao ni mali ya chuo, kwa hiyo unabaki. Ameniandikia mazoezi arobaini kwa mkono wake. Nimefika la tatu. La nne lina alama ambayo sijamuuliza maana yake, na Ijumaa hatutapata nafasi, kwa sababu kuna hotuba.

Bi Chapa, ahsante kwa miaka yote hii, na utuwie radhi tuliochelewa. Tunakuombea afya, mapacha wasikivu, na asubuhi zisizo na kengele. Na tafadhali, usibadilishe namba ya simu.