Mzee Mhina na Gari Lisilojua Matawi

Kwa miaka thelathini na tatu na miezi mitatu Mzee Muhsin Mhina ameitumikia Idara ya Usafiri ya kampuni yetu ya chai, tangu Machi 1992 hadi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, alipostaafu akiwa na umri wa miaka sitini, afya njema na leseni isiyo na doa.

Alizaliwa Kwamatuku, Handeni, kwa wakulima wa mahindi, na udereva aliuonja kwanza kwenye trekta la mjomba wake. Hapa alianza kama utingo wa lori la kuteremsha chai kutoka Dindira, akawa dereva wa lori, akawa dereva wa meneja, hatimaye mkuu wa madereva. Wenyeji wa milimani walimpokea kwa mashaka, maana iliaminika kuwa Mzigua wa nyika haziwezi kona zetu. Haukupita mwaka, madereva wa Kishambaa wakawa wanamsubiri atangulie ndipo nao washuke.

Wengi mtamkumbuka kwa ugomvi wake na watu wanaobamiza milango. Ukibamiza, unaitwa, unafungua, unafunga upya kistaarabu. Mkaguzi mmoja kutoka makao makuu alirudishwa mara tatu, na mara ya tatu alitoa shikamoo kwanza.

Lakini hayo kila mtu anayajua, na mimi nina jambo langu. Jina langu ni Loveness Mdoe, dereva wa mkataba niliyefundishwa na mzee kwa miaka miwili. Mkataba wangu ulikuwa unaisha siku ileile ya kustaafu kwake, na nafasi yake ndiyo niliyoiomba. Mwezi Mei uongozi ukasimamisha ajira. Mwagizaji mmoja wa magari alikuwa ametuletea gari linalojiendesha ili tulijaribu, na watu wakaanza kuuliza: kama gari linajiendesha, dereva wa nini? Mzee akaambiwa akae nalo wiki mbili kati ya Korogwe na Handeni, kisha aandike ripoti ya ukurasa mmoja. Nilimshukuru Mungu. Nilijua atalikataa.

Wapi. Siku ya kwanza alirudi anacheka peke yake. Kila aliyepita getini alisimuliwa: usukani unazunguka wenyewe, gari linashika mstari wake, linapunguza mwendo likiona mbuzi, halisinzii, halitukani bodaboda. Mkewe, Bi Zuena, alinipigia simu kulalamika kwamba mume wake ameacha hata taarifa ya habari, usiku na mchana ni gari tu. Mzee alitutabiria kwamba viwanda vya magari vitauza akili ya gari kuliko injini, kwamba fundi wa Masuguru atashika kompyuta kabla ya spana, na kwamba tutaacha kuwazika madereva waliosinzia safarini. Bibi wa miaka themanini wa Kerenge, alisema, ataingia garini peke yake, aende hospitali na kurudi bila kumbembeleza mtu.

Nilimuuliza kuhusu raha ya kuendesha, itakwenda wapi. Akanijibu kwamba barabara iliyonyooka haijawahi kumpa mtu raha, inampa usingizi. Hiyo mashine ichukue, yeye abakiziwe kona za Dindira, na atakayetaka raha atazifuata hukohuko kama watu wanavyofuata mpira Jumapili. Nilicheka naye, ila moyo uliniuma. Kila sifa aliyolimwagia gari lile ilikuwa inanitoa kazini.

Wiki ya pili nilipanda nao, mzee kwenye usukani, Enock, mhandisi wa yule mwagizaji, nyuma na kompyuta yake. Kabla hatujafika mbali tukakuta lori mbele, limewasha indiketa ya kulia. Dereva yeyote wa nchi hii anaelewa: lori linakuambia usipite, kuna gari linakuja. Likiwasha ya kushoto, pita. Gari letu lilidhani lori linataka kukata kulia, likalisubiri kwa adabu. Lori lilipowasha ya kushoto, likadhani sasa linaegesha, likasubiri tena. Tulikwenda mwendo wa harusi kilomita nne nzima, na mzee alicheka mpaka akafuta machozi.

Tulipopita Sindeni, karibu na kona, tulikuta mafungu matatu ya matawi mabichi yametandazwa kwenye lami. Huku kwetu maana yake ni moja, kuna gari limekufa mbele. Kamera ziliyaona. Kompyuta ikaamua kwamba ni majani tu, hayadhuru tairi, na gari likaendelea na themanini yake. Mzee hakungoja. Alikanyaga breki tungali juu ya fungu la kwanza. Nyuma ya kona lilikuwa limesimama lori la machungwa, limeziba upande wetu wote, na utingo wake amelala chini ya ekseli. Tulisimama hatua sita kutoka miguuni kwake.

Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Gari lilikuwa limeharibu, na mimi nimepona.

Mzee alishuka, akampa pole utingo, akamshikia taa mpaka akamaliza kukaza boliti zake. Ndipo akamrudisha Enock kwenye matawi kwa miguu na kumfundisha: mabichi ni ya leo, makavu yameachwa na wasio na adabu, na fungu la kwanza huwekwa mbali zaidi penye mteremko. Enock alijaza kurasa kumi na moja. Kisha mzee akanigeukia na kunikumbusha kwamba mwezi wangu wa kwanza nami niliyapita matawi pale Kerenge, nikidhani yamedondoka kwenye mzigo wa nyasi za ng'ombe, na yeye hakunifukuza. Niliona aibu.

Ripoti yake ilisomwa kikaoni na meneja wetu, Mama Ritha. Nusu yake ya kwanza ilikuwa sifa tupu, nami nikawa natazama sakafu. Nusu ya pili ilikuwa na sentensi mbili. Gari hili linunuliwe, na Loveness Mdoe aajiriwe kulifundisha njia, kwa sababu alikosea kama lilivyokosea na leo hakosei. Kama hakuna Loveness, lisinunuliwe. Uongozi ukakubali yote, na ajira yangu ya kudumu ikaanza tarehe mosi Julai.

Asubuhi hiyo nilifungua lile Landkruza lake la siku zote. Mzee ni mrefu sana, mimi mfupi, na kwa miaka miwili nimeliendesha na mto mgongoni kwa sababu kiti kile hakikuguswa na mtu. Nilikuta kiti kimesogezwa mbele mpaka mwisho, na vioo vyote vimeinamishwa kwa kimo changu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakuombea wewe na Bi Zuena uzee mtamu huko Kwamatuku, mahindi yanayokubali na wageni wanaofunga milango taratibu. Shikamoo, mzee, na asante. Miguu inafika.