Daraja la Kupumzika

Wakati ule wa Hali ya Hatari ya mkoloni, pale Rongai palijengwa daraja jipya, na katikati yake, juu ya maji, yakawekwa mabenchi na paa la mabati. Nani aliwahi kuona daraja la kukalia? Kijiweni kwa Obura muuza kahawa, watu walikosa usingizi. Kahiga, fundi viatu, alikuwa na hofu kuliko wote. Pasi yake, karatasi ya ruhusa ya kutembea, iliishia mtoni upande huu. Ya mkewe Rahab, aliyekwama shambani kwa mzungu, iliishia mtoni upande ule. Rahab alikuwa ametuma neno: Jumapili tukutane pale kwa mabenchi. Leo ndiyo Jumapili. Kahiga alikuwa amenyoa ndevu, akavaa koti, akafika kijiweni na kuketi.

— Nilisikia na masikio yangu, alisema Naftaly, waliyemwita Redio. Mzungu wa daraja alisema, “Watu yote tapumzika hapa.”

— Tapumzika? Obura aliweka birika chini. Mtu hupumzika wapi kama si kaburini?

— Labda alitaka kusema kuketi, Kahiga alijaribu.

— Wewe! Tangu lini mzungu akakupatia kiti ya bure?

— Hiyo kiti ni mtego, alisema Kipkorir, waliyemwita Bwana Reli kwa ile kofia yake ya kazi. Ukikaa, sura yako inaonekana vizuri. Wale wasaliti wa kuvaa gunia kichwani wanapita na askari, wananyoosha kidole, umekwisha.

— Gunia ya nini? Redio alidakia. Chini ya benchi kuna mlango. Kamba ikivutwa, mnaenda wote na maji.

— Na paa?

— Paa ni ili Mungu asione.

Hakuna aliyecheka. Kahiga alitamani kuinuka, lakini akaomba kikombe kingine.

Jelagat, mama wa maziwa, alitokea upande wa mtoni akatua mtungi wake.

— Hamjambo wazee.

— Umepita darajani? Obura aliuliza.

— Nimepita, nimekaa, nimepumzika. Iko upepo mzuri. Kuna mama huko tangu asubuhi, ametandika leso kando yake ili mtu mwingine asikae. Amenituma. Kahiga ni nani hapa?

Bwana Reli alivua kofia, akaitazama ndani. Kahiga alisikia jina lake likisemwa mbele za watu, kama kidole kilichonyooshwa. Aliangalia kikombe chake.

— Haya, alisema Jelagat, akiinua mtungi. Nikirudi nitamwambia hayuko.