Reginald Hodsoll na Mnyauko wa 1968

Marehemu baba yangu, Reginald Hodsoll, alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 kijijini Horsmonden, Kent, katika nyumba iliyopakana na shamba la hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake.

Alisoma shule ya kijiji hadi 1948, ila kila Septemba alitoroka kwenda kuvuna. Alikuwa akisugua ua moja viganjani, akalinusa, akakutajia aina yake. Fuggle, alisema, hunukia udongo na nyasi mbichi, na uchungu wake ni wa upole. Aina nyingine hakuziamini, kama asivyowaamini watu.

Alikausha hopsi tanurini kwa miaka mingi, kisha akalima ekari zake sita, Fuggle tupu. Mwaka 1957 alimuoa Enid Pelling, mvunaji kutoka London. "Alikipekua kikapu changu mara tatu akitafuta majani niliyoficha ili kijae upesi," mama alizoea kusimulia, "ndipo akaniuliza jina."

Julai 1968 mnyauko uliingia shambani. Fuggle haiuwezi ugonjwa huo, nao husafiri hata kwenye udongo wa viatuni. Tuling'oa kila shina tukachoma. Mwezi uliotangulia, jirani yetu Ambrose Tolhurst alikuja kuazima ngazi, matope miguuni. Baba hakutaka ushahidi mwingine.

"Wewe ndiye uliyeniletea!" alimfokea mlangoni pa baa.

"Reg, haki ya Mungu, yale ni matope ya bwawa la bata!"

"Nenda zako wewe na bata wako!"

Wakulima wote wakamfungia Ambrose mageti. Hata mimi nilivuka barabara nikimwona, na leo naona aibu.

Kansa ya mapafu ilimlaza baba Novemba 2010. Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 2011. Siku tatu kabla, aliniita.

"Hester, chukua kalamu. Pasaka ya 1968 nilileta matawi makavu ya hopsi kutoka shamba moja lililofungwa kwa sababu ya mnyauko, nikayatandaza yawe mbolea. Ugonjwa ulitoka humo."

"Ulijua lini, baba?"

"Mwaka uleule. Wasomee wote mazishini. Mimi sikuwa na uso wa kusema."

Nilidhani ni homa inayomsemesha. Kesho yake nilimuuliza tena kwa mtego, naye hakubadilisha neno.

Ameacha binti mmoja, mimi Hester, na wajukuu wawili, Clive na Maud. Mama alitangulia 1999, akiamini tulichoamini sote.

Mungu ampokee na kumpumzisha. Mzee Ambrose, nakuona umekaa kiti cha nyuma kabisa. Hukuwa na kosa.